Mawe Yasiyochongwa: Aliye Ng'ambo Aandike Maisha Yalivyo

Katika mtaa wa Harlem, jijini New York, kuna maktaba ya utafiti inayoitwa Schomburg Center. Miongoni mwa hifadhi zake zimo barua karibu dazeni mbili za miaka ya 1958 hadi 1964, zilizoandikwa na kijana mzaliwa wa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Homa Bay, nchini Kenya. Kijana huyo alikuwa akitafuta karo. Jina lake ni Barack Hussein Obama, na mwanawe alikuja kuwa rais wa 44 wa Marekani. Mwaka 2013 maktaba hiyo ilimwalika rais aje azione barua za babake.

Kuna jambo moja ambalo barua hizo hazisemi. Hazimtaji mke aliyemwoa Hawaii wala mtoto aliyezaliwa huko Agosti 4, 1961. Si ajabu, kwani aliziandika ili apate msaada wa masomo, na mwombaji karo huweka mbele yale yatakayomfungulia mlango. Hata hivyo msomaji wa leo hawezi kuacha kuliwaza pengo hilo. Mtoto yule alikua bila babake, akamtafuta kwa miaka mingi, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima, Dreams from My Father, kuhusu kumtafuta huko. Ukurasa mmoja tu wa daftari, wenye mwandiko mbaya na sentensi zisizokwisha, unaoeleza mtoto alifanya nini jioni fulani, ungekuwa na thamani kwake kuliko rundo zima la barua za karo.

Pengo hilo linawahusu watu wengi wa kaunti za Migori na Homa Bay walio ughaibuni hivi sasa. Wapo wanaohudumia wazee Marekani, wauguzi Uingereza, walinzi na wafanyakazi wa nyumbani Qatar na Saudi Arabia, wanafunzi katika vyuo vya kila bara. Wengi wana nia ya kuandika maisha yao. Daftari limeshanunuliwa, lakini ukurasa wa kwanza bado mweupe. Picha zimejaa kwenye simu, hazina maelezo. Wanangoja muda upatikane, lugha inyooke, makaratasi ya uhamiaji yakamilike, nyumba ya kijijini iezekwe, ndipo wawe na hadithi yenye mwisho mzuri. Makala haya yanawaomba wasingoje. Kumbukumbu yenye kasoro iliyoandikwa leo itaifaa familia kuliko ile kamilifu ambayo haitaandikwa kamwe.

Risiti zipo, maisha hayapo

Mwaka 2024 Benki Kuu ya Kenya ilirekodi zaidi ya dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje. Fedha hizo zina ushahidi. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mama aliye Awendo akipokea pesa za dawa, simu yake hupata ujumbe wenye nambari ya muamala, tarehe, saa na dakika. Anayetaka kujua mabati ya nyumba yalilipiwa lini, au mdogo wake alilipiwa lini karo ya muhula wa kwanza, anaweza kurudi kwenye jumbe hizo na kupata jibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa upande wa mali, daftari tunalo. Kilichokosa daftari ni maisha yaliyoizaa mali hiyo: zamu ya usiku iliyolipia mabati, asubuhi ya theluji ambayo basi halikuja, rafiki kutoka Ghana au Nepal aliyegawana chumba na mtumaji, sufuria ya ugali wa kwanza uliosongwa kwa unga usio wa kwao. Watoto walioachwa kwa nyanya yao Ndhiwa watakua wakijua mzazi alituma kiasi gani kila mwezi, wasijue alikuwa akiishi vipi. Wakija kuuliza baada ya miaka ishirini, naye atakuwa amesahau nusu ya majibu.

Mzigo wa kufaulu

Ukiwauliza walio ng'ambo mbona hawaandiki, wengi watataja muda. Muda ni haba kweli kwa mtu wa kazi mbili. Lakini sentensi tatu zinahitaji dakika chache, na mtu huyo huyo hupata dakika nyingi za kutazama picha za wengine. Iko sababu nzito zaidi, nayo ina historia.

Septemba 1959, Tom Mboya, mwenyeji wa kisiwa cha Rusinga, alifanikisha safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York. Huko Marekani, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walisaidia kuchangisha fedha. Kwa upande wa nyumbani, jamaa na majirani walitoa walichokuwa nacho. Tangu enzi hizo, anayekwenda ng'ambo kutoka pande hizi haendi peke yake. Ng'ombe huuzwa, harambee huitishwa, kanisa huombea tiketi na viza. Anayeondoka kwa jasho la watu wengi haoni kwamba ana haki ya kuandika kuhusu jioni aliyolia bafuni, au wiki aliyokula mkate mkavu. Anaona deni lake litalipwa kwa picha ya joho la mahafali, picha ya gari, picha ya funguo za nyumba. Kabla hazijapatikana, ananyamaza.

Kwa mhamiaji, basi, kutaka kila kitu kiwe kamili mara nyingi ni woga wa kuonekana hajafaulu. Woga huo hautokani na uvivu wala majivuno. Una mizizi katika shukrani na heshima kwa waliomtuma, na ndiyo maana ni mgumu kuung'oa.

Mazingira ya ugenini nayo huuzidisha. Mwaka 2019 watafiti Thomas Curran na Andrew Hill walichapisha uchambuzi wa takwimu za wanafunzi wa vyuo zaidi ya 41,000 wa Marekani, Kanada na Uingereza, zilizokusanywa kati ya 1989 na 2016. Waliona kwamba tabia ya kudai ukamilifu imeongezeka kwa vijana, na kilichopanda zaidi ni hisia kwamba watu wengine ndio wanaomtaka mtu asiwe na dosari. Kijana wa Oyugis anayesoma Texas hubeba shinikizo la huko pamoja na lile alilotoka nalo nyumbani. Matokeo yake ni albamu ya sherehe tupu. Kati ya sherehe moja na nyingine hupita miaka miwili au mitatu ambayo hakuna aliyeiandika.

Waliotangulia hawakungoja

Eneo hili la Ziwa Victoria lina mifano ya watu waliokuwa na kila sababu ya kuahirisha, wakakataa. Tom Mboya alitoa kitabu chake, Freedom and After, mwaka 1963. Alikuwa na miaka kama 33, waziri, katibu mkuu wa chama cha KANU, na nchi ilikuwa mlangoni mwa uhuru. Angeweza kusema ataandika akistaafu, na hakuna ambaye angemlaumu. Julai 5, 1969 aliuawa kwa risasi jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 38. Angengoja uzee, tusingepata simulizi lake mwenyewe la utoto, la harakati za wafanyakazi na la safari zake za nje. The Challenge of Nationhood, mkusanyiko wa hotuba na maandishi yake, ulitoka mwaka 1970, mwenyewe akiwa kaburini Rusinga. Nyaraka zake nyingi zimehifadhiwa Hoover Institution, katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Kijana wa Mbita anayetaka kuzishika kwa mkono hana budi kuvuka bahari.

Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, mkabala na pwani ya Homa Bay, ndiko Asembo, kwao Grace Ogot. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Uingereza kusomea ukunga, kisha akaajiriwa na BBC mjini London. Miaka hiyo alikuwa akiandikiana barua na mwanahistoria Bethwell Ogot, aliyekuja kuwa mumewe. Grace alieleza baadaye kwamba ni Ogot aliyeona katika barua hizo kipaji cha uandishi na kumhimiza asikiachie hapo. Hakuna mtu anayeandika barua kwa mpenziwe akiwaza mhariri. Huandika kwa sababu siku imekuwa ndefu na anayo ya kusema. Mwaka 1966 Grace Ogot alitoa The Promised Land, riwaya ya mume na mke wa Kijaluo wanaohamia Tanganyika, upande ule ule wa kusini ambako familia nyingi za Migori zina ndugu hadi leo. Tawasifu yake, Days of My Life, ilitoka mwaka 2012, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Kazi ya maisha yote iliota kutoka kwenye barua ambazo hazikuandikwa ziwe kazi.

Kabla yao wote alikuwepo Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo na mwumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo lilifungua misheni yake Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Mwaka 1938 alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila na desturi za Wajaluo kilichoandikwa kwa Kijaluo. Hakungoja msomi wa nje aje amwandikie. Aliandika kwa lugha ya wenye mila, na kizazi baada ya kizazi wamekitegemea kitabu hicho, wakikubaliana nacho na kubishana nacho.

Ukuta wa Thimlich Ohinga

Anayedhani kwamba kitu ambacho hakikuchongwa vizuri hakidumu, na atembelee Thimlich Ohinga, kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Kuta zile za mawe huaminika zilijengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hazina udongo wa kushikanishia wala chokaa. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Waliojenga waliyaokota yalivyo, makubwa kwa madogo, wakapanga safu ya nje na safu ya ndani, na katikati wakashindilia mawe madogo yanayozishika safu hizo mbili. Uimara wa ukuta umetokana na jinsi kila jiwe lilivyopata mahali pake, wala si uzuri wa jiwe moja moja.

Kumbukumbu za maisha hujengwa vivyo hivyo. Tarehe ni jiwe dogo. Jina la mtu aliyesimama kushoto kwenye picha ni jiwe dogo. Bei ya kilo ya unga, jina la mtaa, zamu ilikwisha saa ngapi: vyote ni mawe madogo. Mtu akikaa kungoja jiwe moja kubwa lililochongwa sawasawa, hatajenga kitu. Akiweka aliyonayo, baada ya miaka mitano atakuta ana ukuta.

Ya kawaida ndiyo yatakayotafutwa

Wengi huona siku zao hazina la kuandikwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ukiongozwa na Ting Zhang akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, unawajibu. Wanafunzi waliombwa kuhifadhi mambo madogo ya wakati huo: mazungumzo ya karibuni, nyimbo walizosikiliza, sherehe ya mwisho waliyohudhuria. Wakaulizwa watavutiwa kiasi gani kuyasoma tena baadaye. Miezi mitatu ilipopita walirudishiwa, na walivutiwa kuliko walivyokuwa wamekisia. Walichokuwa wamekidharau zaidi wakati wa kukisia ni yale ya kila siku. Ikiwa miezi mitatu inatosha kugeuza jambo dogo kuwa tunu, miaka thelathini itafanya nini?

Jibu hupatikana msibani. Katika mazishi ya Migori na Homa Bay, wasifu wa marehemu huchapishwa kwenye kijitabu cha programu na kusomwa mbele ya waombolezaji. Ni wakati wa kuuandaa ndipo familia huona ilichokosa. Mwaka wa kuzaliwa unabishaniwa. Picha inayopatikana ni ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka ikapoteza nuru. Miaka aliyofanya kazi Mombasa, Kericho au Nairobi hufupishwa kwa mstari mmoja, maana hakuna aliyemwuliza akiwa hai. Naye mtoto aliye ng'ambo, aliyekosa nauli au ruhusa, hutazama mubashara kupitia YouTube. Mbele ya macho yake, maisha ya miaka themanini ya babake huisha kusomwa kwa dakika chache. Huo ni uchungu juu ya uchungu, na sehemu yake tungeweza kuipunguza.

Tusipoandika, wengine hutuandika kwa namna yao. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Edward Evans-Pritchard alipita Nyanza akipiga picha za Wajaluo, na picha hizo zikahifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Mwaka 2007 nakala zililetwa nyumbani kuonyeshwa vijijini kwa jina la Paro Manene. Watu walizitazama wakiwatafuta jamaa zao. Mpiga picha wa nje huona mavazi, nyumba na mitego ya samaki. Jina la mtu, na kwa nini siku ile alikuwa na furaha, hujulikana na mwenyeji peke yake.

Hata mahali penyewe hapatungoji. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita viwango vyote vilivyokuwa vimerekodiwa hadi wakati huo, yakafunika fuo na nyumba za kandokando. Aliyewahi kuandika mistari michache kuhusu ufuo wa utotoni mwake, omena ilianikwa wapi na mashua za nani zilifungwa hapo, amehifadhi kitu ambacho macho hayawezi tena kukiona kilivyokuwa.

Namna ya kuanza

Anza na lililo jepesi. Mistari mitatu kwa siku inatosha: tarehe, mahali, jambo moja lililotokea na jina la mtu aliyehusika. Ukikosa siku nne, usijaribu kuzifidia. Endelea na ya leo. Andika kwa lugha inayokuja kwanza, iwe Kijaluo, Kisuba, Kikuria, Kiswahili au mchanganyiko wa zote. Mjukuu atakayetaka kuelewa atapata wa kumsomea. Ukiona kalamu ni nzito, tumia sauti. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili, uliorekodiwa ukirudi kazini, hubeba hata uchovu wako, na hilo maandishi hayaliwezi kirahisi.

Picha nazo zisiachwe zijieleze. Mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield alionyesha kwamba watu waliopiga picha za vitu vya makumbusho walivikumbuka vichache kuliko waliovitazama tu, lakini waliosogeza kamera karibu na sehemu moja ya kitu kumbukumbu yao haikupungua. Funzo ni kwamba umakini ndio unaohifadhi. Piga picha moja badala ya ishirini, kisha andika chini yake nani, wapi, lini. Picha za karatasi ziandike nyuma kwa penseli laini. Za simu zitolewe simuni: nakala moja kwenye kompyuta au diski, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni, nyingine kwa ndugu unayemwamini. Simu huanguka majini, huibwa, na pamoja nayo huenda miaka mizima.

Heshima kwa wengine nayo ina nafasi yake. Wagonjwa na wazee unaowahudumia hawapigwi picha, na katika nchi kadhaa za Ghuba sheria inaadhibu kumpiga mtu picha bila ridhaa yake. Daftari halina tatizo hilo. Linaweza kukueleza wewe, ulivyoona na ulivyohisi, bila kumfichua mtu. Tena si lazima kila kinachoandikwa kitumwe kwa kikundi cha WhatsApp cha familia. Kuhifadhi ni kazi moja, kutangaza ni nyingine. Aliyezitenganisha hupata uhuru wa kuandika hata siku mbaya.

Siku mbaya zinahitaji kuandikwa kwa faida ya mwandishi pia. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, juu ya mambo yaliyowaumiza. Katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya juujuu. Mtu aliye peke yake ugenini, asiyetaka kumtia mama wasiwasi kwa simu, anaweza angalau kuuambia ukurasa.

Mama naye aandikwe. Saa ya Doha ni sawa na ya Homa Bay. Aliye Minnesota yuko nyuma kwa saa nane au tisa kutegemea majira, hivyo asubuhi yake ya Jumapili ni alasiri ya nyumbani, watu wakiwa wametoka kanisani. Mkishamaliza habari za mvua, za karo na za mahindi, mwulize swali moja ambalo hujawahi kumwuliza: alikutana na baba wapi, alijifunza na nani kusuka vikapu, njaa kubwa aliyoipitia ilikuwa mwaka gani. Usingoje kununua daftari zuri. Andika jibu lake kama alivyolisema, hata kama hukulisikia lote kwa sababu ya mtandao. Weka tarehe. Kisha andika mstari mmoja kuhusu chumba ulichokaa ukimsikiliza, na umsomee Jumapili ijayo, ili naye ajue mwanawe anaishi vipi.